Mita 150 Kutoka Wapi?

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika. Swali langu ni la kihistoria: ufuko wa mwaka gani?

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikuta mto Lukuga, njia pekee ya maji ya ziwa kutoka kuelekea Kongo, umezibwa na majani. Mwaka 1878 kizuizi kilibomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zikalipandisha tena hadi kilele cha 1964. Babu yangu, mvuvi wa Buyenzi, amenionyesha walipofunga mitumbwi mwaka huo. Leo pana nyumba.

Maji yalipopungua, watu walijenga. Mwaka 2020 mto Rusizi ukafurika Gatumba, na shangazi yangu akahama na watoto wake. Mwaka 2024 ziwa likarudi karibu na kiwango cha 1964.

Wachumi wanazo modeli za kuunganisha uchumi na tabianchi. William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, aliunda yake mapema miaka ya 1990: uchumi hutoa gesi, gesi hupandisha joto, joto hupunguza mapato. Humsaidia mtunga sera kupima kodi ya kaboni. Lakini wastani wa joto la dunia hauonyeshi maji yataingia nyumba ipi Gatumba. Modeli itakayotufaa sisi ihesabu pia mvua, kina cha ziwa, bandari na mashamba ya mpunga ya Imbo.

Na ianzie wapi? Ukianza na takwimu za miaka ya 1990, ziwa linaonekana tulivu, na mafuriko ya 2024 yanaonekana ajabu. Ukirudi hadi 1964, si ajabu tena. Kweli, kushuka kwa 1878 kulitokana na kizuizi, si tabianchi. Hata hivyo kunatufundisha kwamba ufuko huu haujawahi kutulia.

Kwa hiyo napendekeza mita 150 zipimwe kutoka mstari wa maji wa 1964. Najua gharama yake: shangazi hataruhusiwa kurudi kwenye kiwanja chake. Basi fidia yake nayo iingizwe katika hesabu, kabla ya mvua nyingine.