Binti wa Sultani Ugenini



Msafiri akaaye nchi ya watu majuma mawili hurudi kwao na hukumu tele. Bibi Salme, binti Sayyid Said wa Unguja, alilichukia jambo hilo.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja. Mwaka uliofuata akaolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi, mbali na ndugu zake wote.

Alianza kuandika ili watoto hao wajue asili ya mama yao. Katika kitabu chake, kilichopigwa chapa mwaka 1886, awakanya Wazungu waliowahukumu wanawake wa Mashariki pasipo kuishi nao.

Alifariki mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja.

Basi, mtu akitusimulia habari za ugenini, kwanza tumwulize: ulikaa siku ngapi, na nani alikukaribisha ndani?