Sukari Motoni: Habari za Halua ya Garissa

Msomaji, ikiwa umepata kuhudhuria arusi au sikukuu ya Idi katika mji wa Garissa, yamkini ulikaribishwa chai ya viungo na kipande cha halua. Rangi yake hudhurungi, yang'aa kwa samli, na harufu ya iliki na kungumanga hutangulia kufika puani kabla sahani haijafika mkononi. Nami sijaona bado mtoto aliyekataa kipande cha pili. Lakini je, umepata kujiuliza rangi ile yatoka wapi, hali sukari ni nyeupe?

Yatoka motoni. Tia sukari kavu katika sufuria, uikoroge juu ya moto wa kadiri. Kwanza itayeyuka, joto likizidi digrii 160 hivi itageuka rangi ya dhahabu, kisha ya kahawia, na utamu wake utachanganyika na uchungu kidogo unaopendeza ulimi. Sukari iliyofika hapo ndiyo iitwayo karameli. Ukichelewa kitambo kidogo tu, inakuwa nyeusi na chungu kabisa, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Fahamu pia kwamba shira yenye maji mengi haiwezi kufikia joto hilo, kwa maana maji huchemka kwa digrii 100 na kuizuia. Kwa hiyo mpishi atakaye rangi ya sukari yenyewe, wala si ya kununua dukani, huiunguza sukari ikiwa kavu, ndipo atie maji, kwa hadhari, kwani huruka na kuchoma. Baadaye huongeza wanga na samli, akakoroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika mpaka mkono umchoke. Kashata ya karanga ni ndugu wa halua katika jambo hili, ila yeye hahitaji wanga wala subira nyingi.

Jina la halua ni la Kiarabu, na maana yake ni utamu. Waomani ni mafundi wake mashuhuri, na Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja mwaka 1840, pwani yote kutoka Unguja hata Mogadishu ilikuwa tayari njia moja ya majahazi. Barawa, ambako wenyeji wana lahaja yao ya Kiswahili, na Kismayu, zilihesabiwa katika milki ya masultani wa Unguja. Usishangae basi kwamba xalwo ya Msomali na halua ya Mpemba zafanana kama watoto wa mama mmoja.

Garissa iko mbali na bahari, ukingoni mwa mto Tana, katika nchi ya ngamia na mbuzi. Mfugaji alikuwa na maziwa na samli yake mwenyewe. Sukari ilimpasa kuinunua, nayo ilikuwa na historia isiyo tamu. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa kwa jasho la watumwa. Baadaye vikaja viwanda: Waitalia walianza shamba lao kubwa la Jowhar mwaka 1920, na huku Kenya kiwanda cha Miwani kikaanza mwaka 1922, kisha cha Ramisi mwaka 1927.

Katika miaka hiyohiyo mpaka ulikatwa kati ya ndugu. Hata mwaka 1925 Kismayu ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Garissa. Mwaka ule Jubaland ikapewa Italia. Wilaya za kaskazini zikawa nchi iliyofungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikazidi kuwabana watu, hata mtu asiweze kutoka wala kuingia pasipo kibali. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 iliacha sheria zake kali mpaka mwaka 1991. Kwa muda wa vizazi vitatu, basi, safari ya kwenda kumwoza binti ng'ambo ya mpaka ilikuwa jambo la kuombea ruhusa.

Hata hivyo arusi hazikukoma, na arusi haikamiliki bila halua. Ukipata nafasi, simama karibu na mpishi anapounguza sukari. Utamwona ameacha mazungumzo, jicho lake li juu ya sufuria, na kikombe cha maji ki tayari mkononi.