Wembamba si kinga: Mafuta yaliyofichika yanavyohatarisha moyo wa kijana

KIJANA anayepanda mizani na kuambiwa kuwa uzani wake ni wa kawaida huondoka akiamini kwamba maradhi ya moyo ni shida ya wanene na wazee. Imani hiyo haina msingi imara, kwa kuwa mizani hupima mwili mzima bila kutenganisha mafuta, misuli, mifupa na maji.

Mtu anaweza kuwa na uzani unaolingana na kimo chake, ilhali mafuta yaliyo mwilini mwake yamepita kiasi. Watafiti wa Italia waliieleza hali hii mwaka 2006 wakiiita unene wenye uzani wa kawaida.

Kinachowapotosha wengi ni kipimo cha BMI, kinachopatikana kwa kugawanya uzani wa kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu la kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa salama. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye alichunguza maumbile ya umma wala hakuwa akimpima mgonjwa mmoja mmoja.

Udhaifu wake ulidhihirishwa mwaka 2004 na madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa India na John Yudkin wa Uingereza, katika jarida la Lancet. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3. Hata hivyo, mafuta yalikuwa asilimia 9.1 ya mwili wa Yudkin na asilimia 21.2 ya mwili wa mwenzake.

Mwaka 2010, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu wazima 6,000 wenye BMI ya kawaida. Wanaume waliozidi asilimia 23.1 ya mafuta, na wanawake waliozidi asilimia 33.3, walikabiliwa zaidi na mkusanyiko wa dalili kama vile sukari nyingi, shinikizo la juu la damu na kolesteroli mbovu. Miongoni mwa wanawake, vifo vya maradhi ya moyo na mishipa vilikuwa zaidi ya maradufu.

Mahali mafuta yanapokaa ni jambo zito kuliko wingi wake. Yale ya chini ya ngozi, yanayoweza kufinywa kwa vidole, hayana madhara makubwa kama yale yanayozingira ini na utumbo. Haya ya ndani humimina asidi za mafuta kuelekea ini, na taratibu homoni ya insulini hupoteza nguvu, mafuta huongezeka katika damu na kuta za mishipa huanza kuharibika.

Uharibifu huo hausubiri uzee. Mwaka 1953, madaktari wa Marekani waliopasua maiti za wanajeshi 300 waliofia vitani Korea, wenye umri wa wastani wa miaka 22, walikuta dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo ya takriban asilimia 77 kati yao. Hao walikuwa askari, watu wa mazoezi ya kila siku, seuze kijana anayeshinda ameketi mbele ya kompyuta, anayepanda bodaboda hata kwa safari fupi na kushushia chipsi kwa soda!

Kipimo kilicho rahisi ni utepe wa fundi cherehani. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Tangu 2022, mwongozo wa afya wa Uingereza unashauri kiuno kisifikie nusu ya kimo. Kwa hivyo, kijana wa sentimita 170 mwenye kilo 65 ana BMI ya 22.5, lakini kiuno cha sentimita 90 kinatosha kumpeleka kwa daktari akapimwe shinikizo la damu, sukari na kolesteroli.

Kujinyima chakula pekee si dawa, kwani misuli nayo hupungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kulima, kubeba maji na kupanda ngazi ni mazoezi pia.