Triptofani na Karne ya Kuisaka Rangi Yake

Ukitaka kujua protini imejengwa kwa asidi amino zipi na kila moja ni kiasi gani, sharti kwanza uibomoe. Kanuni ya maabara ni ya miaka mingi: ichemshe ndani ya asidi ya haidrokloriki, nyuzijoto 110, kwa saa 24. Nyingi hutoka salama. Triptofani huharibika.

Ndiyo maana historia ya kuipima ni historia ya rangi. Miaka ya 1870 Albert Adamkiewicz aliona kwamba protini ikitiwa asidi ya asetiki kisha ya sulfuriki hugeuka zambarau. Ajabu ni kwamba asetiki iliyo safi haikutoa rangi. Huko Cambridge, Frederick Gowland Hopkins na Sydney Cole waligundua siri: kazi yote ilifanywa na uchafu, chembe za asidi ya glioksiliki zilizomo ndani ya asetiki. Wakiongozwa na rangi hiyo, mwaka 1901 walifanikiwa kuitenga triptofani yenyewe. Mwaka 1906 Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya zeini, protini ya mahindi isiyo na triptofani. Walioongezewa triptofani waliishi muda mrefu zaidi.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1958 Stanford Moore, William Stein na Darrel Spackman walitangaza kipimaji kilichojiendesha chenyewe, na mwaka 1972 Moore na Stein wakapata Tuzo ya Nobel. Walikuwa na bahati pia: protini ya ribonukleasi waliyoichambua, yenye asidi amino 124, haina triptofani hata moja! Wengine walilazimika kubomoa protini kwa alkali au kurudi kwenye rangi, kama walivyokwisha kufanya Joseph Spies na Dorris Chambers mwishoni mwa miaka ya 1940.

Rangi ilipata kazi kubwa zaidi baada ya 1964, Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue walipotangaza mahindi yenye jeni ya opaque-2, ambayo yana triptofani nyingi na laisini, asidi amino nyingine, nyingi pia. Kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT, Mexico, kilikuwa na punje nyingi mno za kupima, na mashine ni ghali. Huko, maabara ya mwanakemia Evangelina Villegas ilizibomoa protini kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa mpapai, kilekile kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Kisha zambarau ya Adamkiewicz ikasomwa kwa kipima mwanga. Laisini katika mahindi huwa takriban mara nne ya triptofani, hivyo kipimo kimoja kilitosha kukadiria zote mbili.

Kutokana na kazi hiyo yalikuja mahindi kama Longe 5 ya Uganda, maarufu kwa jina la Nalongo. Lakini opaque-2 ni jeni inayofunikwa kirahisi: chavua ya shamba la jirani ikiingia, punje hurudi kuwa za kawaida na jicho la mkulima haliwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo wazalishaji wa mbegu hupima upya, kizazi baada ya kizazi.