Rangi ya anodi kwenye alumini

Rangi ya anodi ni umalizio wa alumini usiopakwa kwa brashi wala kupuliziwa: huoteshwa kwa umeme kutoka katika metali yenyewe. Katika Kaunti ya Kwale hukutwa hasa kwenye fremu za madirisha, milango ya kusukuma na vizuizi vya roshani, kuanzia hoteli za Diani hadi Lunga Lunga, mji wa mpakani unaopakana na Horohoro ya Tanzania. Wateja wengi huanza kwa kuuliza rangi. Ukanda huu wa chumvi unataka waanze na unene, maana juu ya tabaka jembamba hakuna rangi inayodumu.

Kipande huzamishwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji, kikaunganishwa na upande chanya wa umeme. Oksidi huota ikiwa na vinyweleo vidogo mno. Rangi huingizwa humo, kisha vinyweleo huzibwa kwa maji yanayokaribia kuchemka. Ufundi huu ulizaliwa kwa sababu ya bahari. Mwaka 1923, nchini Uingereza, Bengough na Stuart walitumia asidi ya kromiki kukinga sehemu za ndege za majini zisiliwe na chumvi. Njia ya asidi ya salfuriki ilifuata 1927.

Unene hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Mikroni 10 hutosha ndani ya nyumba. Lunga Lunga, iliyo bara kidogo kutoka ufuo wa Vanga, 20 huwa kiasi cha kuridhisha kwa nje. Diani na Msambweni, ambako kusi huvuma kutoka baharini moja kwa moja, isipungue 25. Ajabu ni kwamba dirisha lililo chini ya upenu mrefu wa makuti huweza kuharibika mapema kuliko lile linalopigwa na mvua: chumvi hutua pale na hakuna maji ya kuiosha.

Baada ya hapo ndipo rangi ichaguliwe. Fedha ya asili haina cha kupauka. Shaba iliyokolea na nyeusi zinazopatikana kwa chumvi za bati hustahimili jua vizuri. Nyekundu na buluu nyingi hutokana na rangi za kikaboni, na nyingi kati ya hizo hufifia. Nyeupe haipatikani kwa anodi, hivyo anayeitaka atumie rangi ya poda.

Anodi haifichi kasoro. Mkwaruzo, alama ya kulehemu na mistari ya kiwandani hubaki kuonekana, ndiyo maana uso usiong'aa, uliolainishwa kwanza kwa kostiki soda, ni chaguo la busara kuliko unaometa. Aina ya alumini nayo ina neno lake. Aloi ya 6063, inayotumika sana kwa fremu, hutoa rangi safi. Mkono wa mlango uliosubiwa kwa alumini yenye silikoni nyingi hutoka kijivu chenye mabaka, wala hautalingana na fremu hata ukitiwa katika bafu lilelile. Kwa kuwa rangi hutofautiana pia kati ya mkupuo mmoja na mwingine, mwenye nyumba aagize zote kwa pamoja na adai sampuli mbili, iliyokolea kabisa na iliyofifia kabisa, kabla ya kukubali bei.

Uharibifu mwingi hutokea palepale mjengoni. Tone la saruji au chokaa likikaukia kwenye fremu nyeusi huacha doa jeupe lisilofutika, kwa sababu alkali hula oksidi. Plastiki ya kukinga ibaki mpaka lipu iishe. Pembe zilizokatwa kwa msumeno huwa metali tupu na zinahitaji kuzibwa kwa gundi ya silikoni, na skrubu ziwe za chuma cha pua. Usafi ni maji baridi na sabuni laini, si dawa za kusugulia choo zenye asidi.