Rangi zilizotupwa kwenye kanda

Juni 2000, mjini Sydney, George Lucas alianza kurekodi Star Wars: Episode II bila filamu ya kusafishwa maabara. Kamera zake za Sony ziliandika kwenye kanda za HDCAM, mfumo uliotoka 1997.

Sasa fikiria hivi. Jicho lako huona mwanga na giza vizuri kuliko linavyoona rangi. Sony wakatumia udhaifu huo kubana picha. Mstari mmoja wa picha kamili una pikseli 1920. HDCAM ilihifadhi sampuli 1440 za mwangaza, na 480 tu kwa kila ishara ya rangi. Ukitazama sinema, hugundui kitu.

Shida ni kompyuta. Ili imkate mwigizaji kutoka kwenye kitambaa cha bluu na kumweka sayari nyingine, inafuata rangi, siyo mwangaza! Ikifika kwenye unywele mmoja, rangi ya pale ilishatupwa siku ya kurekodi, na hakuna programu ya kuirudisha. Unapata ukingo wa ngazi-ngazi.

DVCPRO HD ya Panasonic, kwenye mfumo wa hezi 60, iligawa vingine: mwangaza 1280, rangi 640. Kwa kuhariri mechi ya mpira, wala usijisumbue kuchagua. Kwa kitambaa cha bluu, mimi ningeanza na hiyo.

Mwaka 2003 ikaja HDCAM SR: nyekundu 1920, kijani 1920, bluu 1920, na ngazi 1024 za kila rangi badala ya 256. Episode III, ya 2005, ilirekodiwa kwa kanda hiyo.