Karanga za Kongwa na Somo la Mrejesho

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alichapisha kitabu chake Cybernetics kuhusu udhibiti na mawasiliano katika mashine na viumbe. Kiini cha nadharia hiyo ni hiki: mfumo huhimili misukosuko pale ambapo matokeo yake yanapimwa, yanalinganishwa na lengo, kisha tofauti inatumika kurekebisha hatua inayofuata. Mzunguko huo ndio mrejesho.

Mwaka huohuo, huku kwetu Kongwa, Waingereza walikuwa wakilima karanga bila mrejesho. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, nayo ikapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa zilikuwa kama 7,500 tu. Matrekta yaliyochakaa yalishindwa na vichaka, na kiangazi kiliufanya udongo wa mfinyanzi kuwa mgumu kama saruji, hata kuvuna ikawa taabu. Mvua nazo hazikufuata ratiba.

Wataalamu wa udhibiti wangeziita mvua na udongo huo misukosuko ya kawaida. Kasoro ilikuwa kwingine. Mradi ulianza kwa ukubwa wake wote bila shamba la majaribio, yaani bila kipimo. Wagogo, waliozijua mvua za Kongwa kwa vizazi, hawakuhesabiwa kuwa chanzo cha taarifa. Hata tofauti kati ya lengo na matokeo ilipokuwa dhahiri, amri ziliendelea kutoka London, na marekebisho yalikuja yakiwa yamechelewa. Mrejesho unaochelewa mno ni hatari: humfanya dereva akate kona akiwa tayari yumo mtaroni. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Ninawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, si kwa ajili ya kuwacheka wakoloni. Nasi tumejitawala, lakini bado tunapeleka mbegu na mbolea kwa kalenda ya ofisini, kisha tunapima mafanikio kwa tani zilizogawiwa badala ya magunia yaliyovunwa. Leo vipo vifaa vya kupima unyevu wa udongo na kufungulia maji ya umwagiliaji vyenyewe, ninavikaribisha. Hata hivyo, kipimo cha kwanza shambani ni mkulima mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza na kutosikiliza jibu.